Mlio wa Cherehani ya Mama

4 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo huko? Macho ya baba yanaendeleaje? Mimi afya tele, na bahati inanifuata kama kivuli. Mwenzenu si mpiga picha wa harusi tena, ni fundi wa filamu. Ile niliyomrekodi marehemu mama akishona, mwaka wake wa mwisho, nimeionyesha ukumbini. Dada, watu walijaa mpaka milangoni, na wote wakasimama. Nimekula meza moja na watu wa nchi tatu, lakini heshima ile sijapata kuiona. Nawatumia kwenye flashi. Kaeni na leso mkononi.

Mdogo wako, Mkurugenzi

21 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Baba sasa anaona mwanga tu, kwa hiyo filamu yako alikuja kuisikiliza. Alivaa koti, akakaa mbele ya runinga kama mtu anayesubiri mgeni.

Mama alitokea wa buluu, kama aliyezama majini. Picha umeiyumbisha mpaka jirani akashikwa na kichefuchefu. Vidole vyake umevipunguza mwendo hadi nikadhani runinga imekwama, na kila akitaka kutabasamu unamkata. Hayo yangepita. Lakini sauti, ndugu yangu. Baba akaniuliza, "Cherehani yake iko wapi?" Kisha nikaona midomo ya mama ikisema "Bwana Mkasi", jina alilomwita baba peke yake, na papo hapo vinanda ulivyoweka vikapanda, vikamfunika. Baba akangoja mpaka mwisho. Akasema, "Basi hakuja."

Tutumie ile ghafi, uliyorekodi kabla ya kuichezea.

Dada yako

2 Aprili

Dada,

Shikamoo, na salamu kwa wote. Naona mmezoea tamthilia za watu kufokeana. Buluu ni huzuni, kuyumba ni moyo. Mlio wa cherehani ni uchafu, nimeusafisha siku nne nzima. Filamu si kitambulisho, kwamba lazima sura ionekane. Mabingwa niliokunywa nao chai wanalijua hilo. Ghafi haionyeshwi watu. Ni sawa na kumtoa bibi harusi nje na rola kichwani.

Mpe baba pole.

Mdogo wako

30 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Kimya chako kilinitia hofu, kisha jana bahasha ikaja bila hata mstari mmoja. Flashi tu.

Leo asubuhi nilimwekea baba, dirisha wazi. Dakika arobaini, kamera imetulia juu ya stuli. Cherehani ikaanza, kama manyunyu juu ya bati, na chumba kikawa kile cha zamani. Mguu wa baba ukaanza kukanyaga sakafu, taratibu, ukifuata mshono. Nawe unasikika nyuma ukijisifu, mama anacheka: "Huo mdomo wako ungekuwa kitambaa, ningeuza kwa mita." Kisha akaita, "Bwana Mkasi, njoo unitungie uzi."

Baba akanyoosha mkono, vidole viwili vimebana hewa. Akakaa hivyo. Sikujua kama yuko macho au anaota, hata kupumua nikapumua kidogo kidogo.

Anasema nikwambie hii ndiyo filamu. Anauliza, wale waliosimama ukumbini waliiona hii?

Dada yako

9 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Mwambie baba nimefurahi, na safari hii sitii chumvi.

Ghafi ilikawia kwa sababu nilitaka kuisikiliza kwanza, na kila nikifika kwenye uzi nazima. Miezi miwili nazima. Vinanda sikuviweka pale kwa ajili ya watazamaji. Ni mimi nisiyeweza kumsikia akiita.

Hapana, hawakuiona hii. Waliona ile ya buluu. Ukumbi haukujaa, dada. Walikuwa kumi na mmoja. Na kusimama walisimama kweli, lakini katikati ya filamu, wakaenda zao. Aliyebaki ni mfagiaji, naye aliniuliza nitamaliza saa ngapi.

Ile bahati niliyowaandikia ilikuwa uongo.

Mdogo wako