Pedali ya Butoni Mbili

Lubumbashi, tarehe 11 Machi 1974

Mjomba Chomba,

Pokea salamu zetu nyingi. Habari ya Kitwe, habari ya bibi yako na watoto, habari ya mgongo wako? Sisi huku tuko wazima, isipokuwa mama anakohoa na mimi nina hasira. Kikohozi cha mama kitapona kwa dawa.

Baba alipozikwa mwaka jana ulirudi Kitwe upesi, kwa hiyo hukuona yaliyofuata. Maua ya kaburini hayajakauka, baba mdogo Mwenze akaja na lori. Alichukua ampli ya baba, lile sanduku lenye spika ya gitaa, magitaa mawili, kabati, hata kitanda alichokuwa analalia mama. Gitaa moja lilibaki kwa sababu nilikuwa nimelificha chini ya nguo chafu. Nilipomuuliza, akanijibu mbele ya majirani: "Mutoto mwanamuke hawezi kurisi orkestre. Aende aolewe." Majirani wakacheka. Mpaka leo nawakumbuka mmoja mmoja.

Sauti ya gitaa la baba unaijua. Ilikwaruza, ikatetemeka mwishoni kama mtu anayecheka huku anakohoa. Ilitoka katika ile spika iliyopasuka karatasi yake siku ilipoanguka kutoka kwenye gari njiani kwenda Likasi, na baba akakataa kuitengeneza maisha yake yote. Huku mtaani kwetu, mtaa wa Kenya wa hapa Lubumbashi, watu waliisikia kwa mbali wakamtaja baba kwa jina, "Kunda ameanza." Basi baba mdogo, kwa akili zake nyingi, ameipeleka spika kwa fundi ikawekwa karatasi mpya! Sasa ni safi kama redio ya ofisini. Watu wanakaa tu na chupa zao, hawachezi, na yeye hajui kwa nini.

Mwezi wa nane tunamaliza kilio. Baba mdogo atapiga mbele ya ukoo wote, na wazee watamtangaza mrithi wa orchestra ya Kunda. Mimi nataka kupiga siku hiyo hiyo, kwa sauti ya baba. Nasikia vijana wa Kitwe wanakanyaga kisanduku kwa mguu na gitaa linanguruma. Nitafutie pedali hiyo. Nataka baba mdogo aone haya mpaka asijue aweke wapi mikono yake.

Kwenye kitambulisho sasa naitwa Kapya tu, maana serikali imekataza majina ya kizungu, lakini wewe ndiye uliyenibeba siku ya ubatizo.

Mpwa wako,
Julienne

Kitwe, tarehe 2 Aprili 1974

Mpwa wangu Julienne,

Nimefurahi kupata habari zenu, ingawa barua yako ilikuwa ya moto kiasi kwamba nimeogopa kuiweka karibu na petroli. Mgongo wangu bado unauma, asante kwa kuuliza. Mwambie dada yangu anywe maji ya moto na asikae kwenye baridi.

Kwamba analala sakafuni, hukuniambia mapema. Tutayaongea hayo.

Hapa kwenye meza yangu ya kutengenezea redio nina pedali tatu. Wazungu wa mgodini wanarudi kwao na wanauza vitu. Ya kwanza ina sauti moja tu, nyuki ndani ya chupa. Ukiichoka, basi, haina nyingine. Ya pili ni kubwa, inang'aa kama bampa ya gari, ina butoni sita za kuzungusha na taa nyekundu. Inaweza kunguruma, kupiga mluzi, kulia kama king'ora. Kila anayeingia dukani anaishika hiyo kwanza.

Ya tatu ni mbaya ya sura, imepakwa rangi ya kijani na mtu asiyejua kupaka. Ina butoni mbili. Moja inaongeza sauti, nyingine inaongeza ukali. Ukali ukiushusha chini kabisa, gitaa linabaki lenyewe, limepata nguvu tu, na hiyo inafaa kwa nyimbo za kanisani. Ukiuweka katikati, linaanza kukwaruza. Ukiupandisha mwisho, utawafukuza kuku wa mtaa mzima. Tena inasikiliza mkono: punguza sauti kwenye gitaa lenyewe na itatulia, ongeza na itakasirika. Nimeifungua ndani. Waya chache, betri moja, hakuna cha kuharibika.

Nakuchagulia hii. Siku yenyewe vidole vitatetemeka, jua litakuwa machoni, watu watapiga kelele. Mwenye butoni sita siku kama hiyo atapotea. Butoni mbili utazikumbuka hata ukiwa unalia.

Anakuletea Mukuka, yule wa treni. Usimwonyeshe mtu.

Mjomba wako,
Chomba

Lubumbashi, tarehe 19 Mei 1974

Mjomba mpendwa,

Hujambo wewe na wote wa nyumbani? Sisi hatujambo, kikohozi kimepungua. Mukuka amefika na mzigo, na ni kweli kabisa, sijaona kitu kibaya cha sura namna hii tangu nilipoona picha yako ya harusi.

Mama Mwape, mwenye baa ya pembeni ya soko, ananiruhusu kutumia spika zake asubuhi kabla wateja hawajaja. Nilianza na ukali mwingi na Mama Mwape akashika masikio. Nikashusha, nikapandisha kidogo, nikashusha tena. Butoni ilipofika katikati, kupita kidogo tu, nikapiga ule wimbo wa baba wa kufungulia dansi. Mama yangu alikuwa ameniletea chai. Alisimama mlangoni akasema, "Zima." Nikazima. Akakaa kwenye kreti ya bia, akafuta uso kwa kitambaa chake, akasema, "Washa."

Nimeweka alama ya rangi ya kucha pale butoni ilipokuwa. Sasa najifunza kila siku. Baba mdogo anapita barabarani na abacost yake mpya, ile suti isiyo na tai, ananiuliza kama nimepata mchumba. Namjibu kwa heshima. Mjomba, heshima hiyo inanichosha kuliko kufua.

Mpwa wako anayekushukuru,
Julienne

Lubumbashi, tarehe 6 Julai 1974

Mjomba,

Salamu. Sisi wazima.

Jana baba mdogo ameonyesha watu pedali kubwa inayong'aa, butoni sita, taa nyekundu. Ameizungusha mtaa mzima kama mtoto mchanga. Anasema: "Shemeji Chomba wa Kitwe njo amenichagulia. Hii iko pedali ya bakubwa."

Shemeji! Wewe! Mama hajala tangu jana. Nilikuambia siri yangu yote, na wewe umekaa mezani kwako ukamfungia adui yangu mzigo kwa karatasi nzuri. Kwa hiyo dada yako akae sakafuni na mwizi wake apewe taa nyekundu?

Usinijibu.

Julienne

Kitwe, tarehe 20 Julai 1974

Mpwa wangu,

Natumaini afya yenu ni njema. Yangu ni nzuri, ila bibi yangu anasema nimekonda tangu barua yako ifike.

Ni kweli nimempa. Alikuja mwenyewe mpaka hapa, akaishika kabla ya nyingine, kama nilivyokuambia watu wanavyofanya. Nilimwambia amechagua kama mkubwa. Sitaandika zaidi, kwa sababu wewe huwezi kuficha kicheko na siku yenyewe bado haijafika.

Endelea na mazoezi. Usiguse butoni kutoka pale ulipoweka alama.

Mjomba wako, hata kama hutaki,
Chomba

Lubumbashi, tarehe 18 Agosti 1974

Mjomba wangu, Mjomba Chomba,

Salamu kutoka kwangu, kwa mama, kwa Mama Mwape na kwa mtaa mzima. Unisamehe yale ya mwezi wa saba. Tuko wazima, tena sana.

Tulimaliza kilio jana mchana, uani kwa Mama Mwape. Ukoo wote ulikuwepo, mpaka wale wa Kilwa walikuja na samaki wao. Baba mdogo alianza. Alikanyaga pedali yake, taa ikawaka, watu wakasema "Eeeh!" Kisha ikapiga mluzi. Akainama akazungusha butoni, ikalia king'ora. Akazungusha nyingine, sauti ikapotea. Akapiga magoti na abacost yake vumbini, jua machoni, anazungusha hii, anarudisha ile, na mpiga ngoma anamsubiri. Mzee mmoja wa ukoo akauliza kwa sauti kubwa: "Mwenze, ile kintu iko nalia nini? Iko na njaa?" Mjomba, watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Wale majirani pia. Hapo ndipo nilipokuelewa, na nilikupenda sana.

Mama Mwape akaniita. Watu walikuwa bado wanapiga kelele, kama ulivyosema. Nikakanyaga kijani yangu, nikapiga wimbo wa baba. Hakuna aliyecheza mwanzoni. Wanawake walikaa chini kama siku ya msiba. Shangazi mmoja akaita, "Kunda!" kama mtu anayemwita aliye barabarani. Kisha wote wakasimama, wakacheza mpaka vumbi likafunika vyakula. Wazee hawakuongea sana. Walisema orchestra iende kule sauti iliko, wakataja jina langu.

Baadaye baba mdogo akaja mpaka karibu na miguu yangu. Nilidhani atanipiga. Alikuwa analia, na hayakuwa machozi ya haya, maana haya yake nilikuwa nimekwisha kuiona. Akasema polepole: "Ile njo sauti ya yaya. Piga tena, mama. Mara moja tu." Yaya, ndivyo alivyomwita baba tangu utoto wao.

Nikamtazama machoni. Nikazima pedali kwa mguu, nikapiga wimbo ule ule kwa gitaa tupu, safi kama redio ya ofisini. Akasikiliza kidogo, akaondoka. Nakuambia ukweli, nilifurahi wakati huo kuliko wazee walipotaja jina langu.

Mpwa wako,
Julienne

Kitwe, tarehe 8 Septemba 1974

Mpwa wangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma kwa sauti hapa nyumbani na tumecheka mpaka watoto wakaamka. Tunaendelea vizuri, namshukuru Mungu. Natumaini nanyi ni hivyo.

Ndiyo, nilifanya makusudi. Nilimwonyesha zile mbili zilizobaki, lakini ile ya nyuki niliigeuza uso chini, na ile kubwa niliifuta vumbi mbele yake. Dada yangu alilala sakafuni, na mimi sijutii hata butoni moja.

Lakini yale ya mwisho uliyoyaandika sikuwasomea wa nyumbani. Nilitaka aone haya, na ameona. Nimesikia pia kwamba amerudisha vitu. Mtu aliyefiwa na kaka yake anaomba kumsikia. Mpigie mara moja, mpwa wangu, imalizike. Nakuomba mimi niliyekuchagulia pedali.

Mjomba wako anayekupenda,
Chomba

Lubumbashi, tarehe 27 Oktoba 1974

Mjomba wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote. Mama amepona kabisa, ananenepa, analala kitandani kwake. Mimi mzima pia. Tunapiga kila Jumamosi kwa Mama Mwape, na watu wanakuja hata kutoka Luano.

Ni kweli, baba mdogo amerudisha kila kitu kabla hajaulizwa. Ampli nayo imerudi. Nilipoifungua nilikuta ameipasua karatasi ya spika kwa wembe, sehemu tatu au nne. Nadhani alikuwa anaitafuta ile sauti. Haikutoka, inapigapiga tu kama bati la paa. Mama alipoona vile alimpikia chakula. Amemsamehe. Kitanda kilikuwa chake, na kusamehe ni haki yake.

Mimi aliniambia niende niolewe, na baba yangu kaburini hajamaliza wiki. Umeniomba kwa upole na sijawahi kukukatalia kitu. Hili nalikataa, na usiniombe tena.

Alikuwa anakuja kila Jumamosi, anakaa kwenye meza ya nyuma na chupa moja. Akiingia tu, nazima pedali. Akiondoka, nawasha. Ameelewa, siku hizi haingii. Anasimama nje nyuma ya geti, anadhani simwoni, lakini viatu vyake vinaonekana chini. Jumamosi iliyopita alisimama pale tangu wimbo wa kwanza. Nilipiga jioni yote kwa gitaa tupu. Watu walinung'unika, wengine wakaenda nyumbani mapema, na Mama Mwape alinikasirikia. Hata mimi nilitamani sana kumsikia baba. Lakini viatu vilikuwa bado pale, na pedali sikuikanyaga.

Mpwa wako,
Julienne