Mlenda wa Shamba la Mama

Jumatatu, 5 Februari 1996
“Gugu halina faida yoyote kwa mkulima.” Maneno ya muuza dawa za shamba wa soko la hapa Singida Mjini, mbele ya wateja. Nikamuuliza mlenda ni nini basi. Mgagani je? Vinaota vyenyewe katikati ya mtama, na ndivyo vilivyotukuza kule Ilongero. Mama akipalilia, kila hatua chache aliinama, akachuma, akafunga kwenye kanga. Jioni tulikula. Wateja wakacheka, wakawa upande wangu. Naye akasema, taratibu, kwamba mdogo wangu Hamisi kanunua chupa ya kuua magugu juzi.

Nimerudi nyumbani kumwandikia mhariri wa gazeti. Kurasa nne. Nzuri.

Alhamisi, 8 Februari
Ilongero. Nimechelewa. Hamisi alipuliza Jumanne asubuhi. Dawa hii haiui siku ileile. Majani yalibaki mabichi, na mchana Mama akaenda kuchuma kama miaka yote. Kapika, kala. Yaliyobaki kayaanika, kayatwanga, kayachanganya na akiba ya kiangazi kwenye kibuyu.

Nimesoma chupa. Onyo lipo, kwa Kiingereza, herufi kama sisimizi. Hamisi alionyeshwa kipimo tu.

Zamani bwana shamba wa ushirika alikuja na baiskeli, akatuhutubia mpaka tukasinzia. Nilimkejeli kuliko wote. Lakini hakuna aliyefungua kopo kabla hajamaliza. Sasa ni soko huria, ushirika umekufa, nami ninamkumbuka mtu yule.

Ijumaa, 9 Februari
Mama anatapika. Mganga wa zahanati hawezi kusema kama ni dawa. Mimi pia siwezi, na inaniudhi. Jumatatu ningepanda gari badala ya kuandika. Nilitaka kushinda ubishi.

Nimemwomba Mama amwage kibuyu chote. Kakataa.

“Na ugali nitaulia nini, barua zako?”

Hamisi alicheka, kisha akatoka nje.

Jumapili, 11 Februari
Mama kanywa uji, umekaa tumboni. Kamwaga kibuyu mwenyewe, shimoni. Hakutaka msaada.

Mlenda shambani umejikunja. Mtama umesimama peke yake. Sijawahi kuliona shamba letu tupu namna hii. Tumekula ugali kwa maziwa ya mgando.

Kurasa nne nimezichana. Barua mpya ni fupi:

Wauza dawa wa Singida Mjini, kabla mkulima hajaondoka na chupa, mwambieni kwa Kiswahili ni siku ngapi mboga isichumwe shambani kwake. Kama hamjui, msimuuzie.