Jumanne Getini, kwa Ajili ya Fundi Théodore

Mwaka unatimia wiki hii, Théodore, tangu Alhamisi ile kina mama wa kanisa walipokuja kukuchukua wakupeleke kliniki, wakakukuta umefunikwa shuka.

Mkeo Victorine bado anaamka akitega sikio. Hukuwahi kuanza kushona bila kuipiga pedali kavukavu kwanza, na kwa mlio huo aliinuka, akakulaumu kwamba unaamsha mtaa mzima wa Bertrams, kisha akakuwekea chai. Sasa cherehani imefunikwa kitambaa. Anaipangusa vumbi kila wiki wala hataki kusikia habari ya kuiuza.

Ulikuwa mpole hadi unakera. Mteja akinenepa, ulimwambia kitambaa ndicho kilichorudi. Ulitoka Bukavu na mkasi tu, na mkasi huo ukakupatia heshima ambayo mgeni haipati kirahisi hapa Johannesburg: kina mama wa Manyano, ule umoja wa maombi wa wanawake wenyeji kanisani kwetu, walikukabidhi sare yao uwashonee. Blauzi nyekundu, kola nyeupe, sketi nyeusi. Ulinawa mikono kabla ya kuigusa. Victorine alikucheka, akasema yeye mwenyewe hujawahi kumnawia.

Kisha wakaja wale vijana getini kwa kliniki, wakidai vitambulisho na kumrudisha kila mwenye jina la ugenini. Ni weusi wenzetu, na hilo ndilo lililouma zaidi. Jumapili tulitazama madhabahuni tukingoja neno. Mchungaji aliombea taifa, akaombea umeme, akaombea uchaguzi, geti hakulitaja. Wazee wa kanisa walisema kanisa halijiingizi katika siasa.

Mama Nontobeko, kiongozi wa Manyano, hakubishana nao. Alhamisi, siku yao ya maombi, alitoka na wenzake wamevaa sare, wakamweka katikati mama mmoja Mrundi aliyebeba mtoto mwenye homa, wakaenda getini wakiimba. Wale vijana walivua kofia, wakasogea. Nani angemsukuma mwanamke aliyevaa kama mama yake mzazi? Tangu hapo watu wetu wakawa wanaugua wiki nzima na kutibiwa Alhamisi.

Ukaja mguu wako. Kidonda kilivimba, homa ikakushika, na Jumatatu ulirudishwa getini ukiwa umeegemea ukuta. Victorine alitaka kukimbilia kwa Mama Nontobeko amwombe avae siku ileile. Ulimzuia. Kwa desturi yao sare ile huvaliwa Alhamisi na penye msiba tu, na wewe uliyeishona hukutaka ivunjiwe heshima kwa sababu yako.

"Tungoje Alhamisi, Mama Arlène," ulimwambia. "Ile nguo haiko ya kuogopesha batu. Iko ya kuomba."

Ukangoja. Homa ilipanda, ambulensi tuliyoipigia simu haikuja, na alfajiri ya Alhamisi ukanyamaza. Tulikuzika Jumamosi. Kina mama walikuvalia sare siku hiyo, kwa kuwa sasa ulikuwa msiba, na Victorine aliziangalia zile kola ulizozipiga pasi kwa mkono wako, asiweze kulia. Amekukasirikia mwaka mzima. Anakupenda na amekukasirikia.

Sasa ni zamu ya Arlène. Binti yako ni mjamzito, siku zake zinakaribia, miguu imemvimba na presha imepanda. Amezaliwa hapa, hata ndotoni anaongea Kizulu, lakini karatasi zake ni za ukimbizi kama zetu. Alhamisi iliyopita kina mama walimwingiza. Nesi alipompima alishtuka, akamwambia asikose kurudi Jumanne, maana daktari wa wajawazito huja siku hiyo tu. Tukawaomba wazee waruhusu sare ivaliwe Jumanne. Wakajibu kwamba jambo hilo litaletwa kwenye kikao kijacho.

Victorine hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja jikoni kwa Mama Nontobeko, akakaa chini sakafuni, akasema hawezi kuzika tena kwa kungoja. Arlène alikuwa akitafsiri huku naye analia. Mama Nontobeko alizima jiko, akauliza ni lini hasa mwaka wa Théodore unatimia. Akaambiwa, wiki hii.

"Basi bado mna msiba," alisema. "Na sisi huvaa penye msiba. Niambieni tu utafanyika wapi."

Ndiyo maana ibada ya kumbukumbu yako haitakuwa kanisani. Itafanyika Jumanne, saa moja asubuhi, getini kwa kliniki. Wazee wametuma neno kwamba huo ni ujanja. Ni ujanja kweli, na hatuna mwingine. Hatujui kama geti litafunguka, hatujui kama wale vijana watavua kofia tena, na Victorine hapati usingizi.

Kila mama mwenye sare iliyo kazi ya mikono ya Théodore tunamwomba aje ameivaa. Asiye na sare aje hivyo alivyo. Mchungaji, nawe njoo. Msilete maua. Tembeeni taratibu, kwa sababu Arlène hawezi kwenda haraka, na mwekeni katikati.

Wanaokukumbuka ni mkeo Victorine. Binti yako Arlène na mumewe Cédric. Mdogo wako Emery, aliye njiani kutoka Durban. Mama Nontobeko na kina mama wote wa Manyano. Na mjukuu wako ambaye bado hatujamwona.

Hatutakusahau, Papa Arlène, siku zote tutakazoishi. Ila safari hii hatungoji Alhamisi.