Jiwe la Tatu

Mdogo wangu,

Huku tuko salama. Mguu wa mama umepungua uvimbe, na cherehani yangu imepata sindano mpya, kwa hiyo sare za shule nazishona bila kugombana nayo.

Jumanne gari la ofisi yenu lilisimama njia panda, mbele ya kibaraza ninaposhonea. Bosi wako akashusha kioo: "Ndiyo maana watu wa huku hawaendelei! Saa nne asubuhi, wanaume wazima wamekaa tu." Nawe ukacheka. Sikulaumu sana, kicheko cha mbele ya bosi nakijua.

Lakini ulihama huku kabla kiwanda cha magunia hakijafungwa, hujui. Wale wanasubiri lori la vibarua. Kila mmoja ana jiwe lake kwenye foleni, na akiinuka hata kunywa maji, nafasi imekwenda. Miko yao ya kujengea wanaikalia isiibwe, ndiyo maana hamkuona kifaa chochote.

Jiwe la tatu lilikuwa la baba. Alitaka kuinuka akusalimie, akaikumbuka foleni, akabaki amekaa. Lori lilikuja saa sita, likachukua watu wawili.

Jioni alituambia, "Kijana wangu kapita, kapendeza kweli, ila hakuniona." Alilirudia hilo mara tatu.

Mimi niliona ulivyogeuza shingo. Sijamwambia. Nawe ukija, mwambie ni kweli, hukumwona.

Ni mimi dada yako,
wa kibarazani