Wimbo wa Mtu Asiyeshuka Garini

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mwili hauna neno na barabara hazikuchoshi mno. Sisi ni wazima. Mama anashona, kaka amevunja miwani yake, nami nimekuwa wa tatu darasani.

Mwalimu wetu husema mficha maradhi kifo humuumbua, kwa hiyo sitaficha: nina hasira.

Ule wimbo wa zamani wa muziki wa kantri unaoupenda, wa mwanamume anayepita na lori kila mwaka mbele ya geti la mpenzi wake bila kushuka, hauzeeki. Muuza nyama akiusikia redioni huacha kisu hewani, na wateja hawanung'uniki. Seremala hufuta macho akidai ni vumbi la mbao. Kaka anasema ni wimbo wa wazee, lakini juzi nilimsikia akiuimba bafuni, tena kwa madoido. Wimbo huo unaniudhi mimi peke yangu. Kwa nini hashuki? Mlango wa lori umekwama? Mama alisema nikikua nitaelewa. Nimekua, Baba, na sielewi.

Halafu fundi wa matairi akatuambia kwamba umepita mjini hapa mara mbili tangu ulipogombana na Mama. Ulijaza upepo, ukamuuliza kama tu wazima, ukaondoka. Aliyasema haya akicheka, eti lori la shemeji lina breki kila mahali isipokuwa getini kwake. Mama alicheka naye. Kisha akarudi ndani, akaushona mkono wa gauni la mteja kinyume.

Hapo ndipo nilipokosea. Niliandika redioni kuuomba wimbo ule, nikatia jina lako, nikasema ni kwa mke wako mshonaji na kwamba unamwomba radhi. Mtangazaji aliyasoma yote Jumamosi mchana. Mashine ya Mama ikanyamaza. Tangu siku hiyo anaimba, na jana aliniuliza kama shati atakalokushonea liwe la kijivu au la bluu. Nilisema bluu, sikuweza kumtazama.

Nisamehe kwa kutumia jina lako. Kwa maneno yenyewe siombi msamaha, maana wewe ndiye uliyepaswa kuyasema. Shati litakuwa tayari Ijumaa. Njoo uyaseme mwenyewe, au niandikie nimwambie Mama ukweli. Lakini usipite tu, Baba.

Kaka anakusalimu. Mama hajui kwamba nimeandika, kwa hiyo salamu zake sijazibeba.

Ni mimi,
kitinda mimba wako