Nilipoandika Kwamba Anaweza Kupika

Mjukuu wangu Safina,

Hapa Lubaga tu wazima, na mama yako ameleta samaki kutoka Ggaba, kule ziwani. Umeniuliza kama ujaze faili la mgonjwa ambaye hujampima, kwa sababu mkubwa wako anakuharakisha.

Mimi, nilipokuwa nafanya kazi hospitalini kama wewe, niliwahi kumuuliza mama mmoja aliyepooza mkono kama anaweza kupika. Mama mkwe wake alikuwa amesimama pale, basi mgonjwa akajibu anaweza. Nikaandika hivyo. Daktari alikuwa ameshashika kalamu kumruhusu aende nyumbani, nikamwona yule mama ameegemeza mkono kwenye birika la moto, wala hasikii kuungua. Nikamtoa, nikalikimbilia faili. Mbele ya daktari nikayakata maneno yangu kwa mstari mmoja, yaendelee kusomeka kama kanuni inavyotaka, nikaandika kwamba sijampima, nikatia sahihi iliyopinda.

Katika sahihi zangu zote, ninayoikumbuka ni hiyo iliyopinda.

Jjajja wako