Kivuli cha Greda

Lugoba, 3 Novemba 1969

Dada Sihaba,

Shikamoo. Sisi tu wazima, wasiwasi ni juu yenu huko Bagamoyo. Mumeo amefika salama, na nyapara wa barabara amempa kazi ya kusomba kokoto. Maneno yako nimeyashika: nikurudishie Bwanausi mzima kama ulivyonikabidhi.

Mimi kazi yangu ni bendera. Greda, ile mashine ya kusawazisha barabara, likitaka kuondoka nalizunguka, nachungulia chini, ndipo namruhusu dereva. Bendera nyekundu ikisimama mbele ya gurudumu, greda haliondoki. Huku miti ya kando imefyekwa yote, basi watu hukimbilia kulala chini ya mashine, nami nawafukuza. Shemeji kaninunia siku mbili. Anasema nimekuwa mzungu.

Mdogo wako,
Mwishehe

Bagamoyo, 17 Novemba 1969

Mdogo wangu Mwishehe,

Marahaba. Tumshukuru Mungu, Ramadhani imetukuta na afya, ila mguu wa mama bado unamsumbua.

Bwanausi ameniandikia. Ati mchana unawapulizia filimbi watoke kivulini, nao wamefunga! Wewe hufungi? Hujui kiu? Mtu amesomba kokoto tangu asubuhi, mwache alale kidogo. Bendera si unayo mwenyewe? Kaa nayo hapo, wenzio walale. Nifanyie hilo mimi dada yako.

Nimempa Mwaija, jirani yetu anayepita Msata, tende za kufuturu. Usimpunje shemeji yako.

Dada yako,
Sihaba

Lugoba, 21 Novemba 1969

Dada,

Shikamoo. Tende tumezipata, na aliyepunjwa ni mimi.

Nimekusikia. Sasa wanalala chini ya greda kuanzia saa sita hadi saa nane. Nachomeka nyekundu mbele ya gurudumu, nakaa kando yake. Dereva wetu hafungi, saa hizo huenda kula. Akirudi akaiona, hapandi. Shemeji anakoroma mpaka tunacheka. Mpe mama pole ya mguu.

Mdogo wako,
Mwishehe

Lugoba, 5 Desemba 1969

Dada yangu,

Shikamoo. Sithubutu kukuuliza hali. Polisi walinizuia nisiifuate maiti, ndiyo maana ukaletewa na watu wa kazini wakakwambia ajali, basi. Nataka jambo lenyewe ulisikie kwangu.

Alhamisi ile adhuhuri iliingia wamelala. Changarawe ilikuwa ya moto, paji la uso haligusi chini, na msala wangu niliuacha kambini. Nikaing'oa bendera nikaitandika nyuma ya rundo la kokoto. Nikasema rakaa nne hazina muda.

Dereva akarudi mapema. Hakuona bendera, akapanda. Nilikuwa kwenye sijida niliposikia injini. Niliikata swala, dada, nilikimbia nikipiga kelele. Wawili walitoka. Bwanausi hakuwahi. Amekufa na funga yake.

Dereva simlaumu. Niliing'oa mimi, kwa mkono wangu huu. Naomba radhi yako, na ruhusa nije nikuone.

Mdogo wako,
Mwishehe

Bagamoyo, 29 Desemba 1969

Mdogo wangu Mwishehe,

Marahaba. Nimechelewa kukujibu kwa kuwa kila nikishika kalamu nalia. Khitma tumeisoma, na shangazi Biubwa analala nami siku hizi. Mama anakuombea dua.

Mimi ndiye niliyekuandikia umwache alale. Katika barua yako hukulitaja hilo hata mara moja, na nimeona kuwa hukulitaja. Nimekusamehe mbele ya Mungu, kwa moyo wangu wote. Nawe nisamehe.

Lakini usije sasa. Usinifikirie vibaya. Tangu siku ulipomleta nyumbani kunichumbia, hamkuwahi kuingia hapa mmoja mmoja. Wewe ulikuwa ukitangulia kupiga hodi, yeye yuko nyuma anavua viatu. Ukija leo nitakupa mkono, nitakukaribisha, na macho yangu yatakwenda nyuma yako kumtafuta. Siyawezi hayo bado.

Ngoja eda yangu iishe, mwezi wa nne. Nitakuita mwenyewe.

Dada yako,
Sihaba